Ufuatiliaji wa kimataifa wa haki za wahamiaji: maana yake na unavyofanya kazi

Ufuatiliaji wa kimataifa wa haki za wahamiaji ni kazi ya vyombo vilivyo nje ya serikali husika: kukusanya taarifa za jinsi wahamiaji wanavyotendewa, kuzipima kwa sheria ambazo nchi imekubali kuzifuata, na kuitaka nchi hiyo ijieleze. Vyombo hivi si polisi, wala si mahakama ya rufaa. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa haingii kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji ila nchi iwe imekubali, kwa mwaliko au kwa mkataba ilioridhia. Nguvu ya vyombo hivi iko kwenye maandishi: suala likishaandikwa rasmi, serikali haiwezi tena kudai kwamba haikuambiwa.

Anayelindwa ni mtu aliye nje ya nchi yake, awe na kibali au asiwe nacho. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie mipakani mwake, lakini haina haki ya kumtesa aliyeingia, kumfunga bila sababu ya kisheria, au kumrudisha mahali ambako kuna hatari ya kweli ya kuteswa. Mkimbizi ana ulinzi wa ziada chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaowahusu wafanyakazi wahamiaji na familia zao ulipitishwa tarehe 18 Desemba 1990 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2003. Baadhi ya vifungu vyake vinagusa maisha ya kila siku ya mhamiaji. Kifungu cha 21 kinakataza mtu yeyote kuchukua hati za utambulisho za mfanyakazi, isipokuwa ofisa wa serikali aliyeruhusiwa na sheria, naye lazima atoe stakabadhi yenye maelezo. Kwa hiyo mwajiri anayefungia pasipoti za wafanyakazi wake kabatini anakiuka haki, hata akisema anawatunzia. Kifungu cha 22 kinakataza kufukuza watu kwa makundi. Kila mtu asikilizwe na kuamuliwa peke yake.

Kamati ya wataalamu 14 inasimamia mkataba huo. Nchi hupeleka ripoti ndani ya mwaka mmoja baada ya mkataba kuanza kuibana, kisha kila miaka mitano. Hapa pana pengo kubwa: Marekani, nchi za Umoja wa Ulaya na nchi za Ghuba, zinakoishi wahamiaji wengi, hazijauridhia. Hata utaratibu wa mtu binafsi kulalamika kwa kamati hii haujaanza, kwa sababu unahitaji nchi 10 ziukubali.

Ndiyo maana kwa kesi nyingi mlango wa kwanza ni Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu za wahamiaji, wadhifa ulioundwa mwaka 1999. Yeye anaweza kuiandikia serikali yoyote mwanachama, iwe imeridhia mkataba au la, na mlalamikaji halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nchi. Madhara yakiwa yanakaribia, anatuma ombi la dharura. Yakiwa yameshatokea, anatuma barua inayoeleza tuhuma. Serikali hupewa siku 60 kujibu kabla barua haijawekwa hadharani. Kwa mtu aliyefungwa kiholela kipo pia Kikundi Kazi kinachoshughulikia suala hilo, kilichoanzishwa mwaka 1991.

Kamati ya Haki za Binadamu na Kamati dhidi ya Mateso, zote za Umoja wa Mataifa, hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja, ila masharti ni makali: nchi iwe imekubali utaratibu huo, njia za ndani zenye maana ziwe zimekwisha, na kesi isiwe mbele ya chombo kingine cha kimataifa cha aina hiyo. Kamati hizi zinaweza kuiomba nchi isimwondoe mtu wakati kesi inaangaliwa. Ombi hilo lina faida kabla ndege haijaruka. Mawakili wanaosubiri mpaka siku ya safari mara nyingi hukuta mteja ameshaondoshwa.

Taarifa nyingi zinazopelekwa kwa vyombo hivi hukwama kwa sababu ni za jumla mno. “Wahamiaji wananyanyaswa” haimsaidii mtaalamu kuandika barua. Anahitaji jina kamili na uraia, tarehe na mahali pa kukamatwa, idara iliyohusika, sababu iliyotolewa, hatua zilizochukuliwa mahakamani na hatari inayomngoja akirudishwa. Tenganisha alichokiona shahidi na alichosimuliwa, na ambatisha nakala za hati. Za asili zibaki kwenu. Ridhaa ya mhusika ni lazima. Jina linaweza kufichwa kwenye ripoti ya hadharani, lakini kwa kawaida serikali italiona ndani ya barua, kwa hiyo aelezwe hilo waziwazi kabla ya kukubali.

Jambo moja husahaulika hata na watu wenye nia njema: ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe, na kwa wengi hilo ni msaada mkubwa. Lakini aliyekimbia serikali yake mwenyewe anaweza kuponzwa na simu hiyo, pamoja na ndugu aliowaacha nyumbani. Muulize kwanza, faraghani, kwa lugha anayoielewa. Akikataa, ubalozi usipigiwe.