Mzee anasahau, au anaumwa? Maswali kuhusu Alzheimer

Mama yetu wa Magu ana miaka 74. Jambo moja anauliza mara tano, lakini habari za utotoni anazisimulia bila kukosea. Si uzee tu huo?

Kusahau ulipoweka funguo ukazikumbuka baadaye, uzee. Kupotea njia ya sokoni aliyoizoea, au kushindwa kusonga ugali, hapana. Hapo anahitaji kupimwa. Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, kwa kawaida huanzia sehemu inayonasa mambo mapya, ndiyo maana ya zamani hukawia kufutika. Protini za amiloidi na tau huwa zimejikusanya humo miaka mingi kabla ninyi hamjashtuka.

Mbona zamani hatukuusikia?

Waliofika miaka 80 walikuwa wachache. Mwaka 2021, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa na dimensia, yaani kudhoofika kwa akili kunakoharibu maisha ya kila siku, na zaidi ya asilimia 60 yao wako nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo kikubwa. Hapa Tanzania, utafiti wa wilaya ya Hai uliikuta dimensia kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Majirani wameanza kusema ni mchawi. Anatoka nje usiku, anaongea na marehemu baba.

Swali hili ndilo linalonitia hofu. Kuzurura usiku, kuona wasiokuwepo, kumtuhumu mkwe kwamba kaiba kanga: zote ni dalili zinazojulikana za ugonjwa huu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu tu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Basi msimfiche. Mwelezeni mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa dini, waziwazi, kwamba mama anaumwa ubongo. Asilale peke yake. Akimwita baba, msibishane naye; muulizeni habari za baba, atatulia. Na anayemuuguza, ambaye karibu kila mara ni binti au mkwe, apokezwe zamu. Kaka zake walioko mjini wasidhani kutuma hela kumemaliza kazi.

Dawa ipo?

Ya kuponya haipo. Donepezili hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, kwa muda. Hata hivyo nendeni: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona au kaswende huweza kufanana nao, na hivyo vinatibika. Anzieni kituo cha afya, muombe rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza. Na ninyi wenye miaka 45, ili kujipunguzia hatari, pimeni presha na sukari, acheni sigara.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja?

Alzheimer haiji hivyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.