Beehive House: kwa Brigham Young kanisa liliishia wapi, biashara ikaanzia wapi?

Wadau wa historia, leo tuongelee Beehive House ya pale Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Ilikuwa nyumba ya Brigham Young, na wengi wakisikia hilo jina wanarukia habari ya wake, ni kweli alioa wanawake zaidi ya 50 akapata watoto 57, lakini sisi wa majengo ya kale tunaangalia mfuko kwanza. Huyu mzee alikuwa rais wa kanisa la Mormoni (dhehebu lililoanzia Marekani), gavana wa Utah mpaka 1858, na mfanyabiashara mkubwa, yote kwa mpigo, na makazi yake yalikaa hivyo hivyo.

Wamormoni walifika lile bonde Julai 1847 wakitokea Illinois, ambako kiongozi wao wa kwanza Joseph Smith aliuawa 1844. Mbao nzuri zilikuwa za kutafuta, kwa hiyo nyumba ya bosi mwenyewe, iliyomalizika 1854, ni ya tofali bichi! Udongo uliokaushwa juani, msingi wa mawe, kisha plasta juu, basi. Mchoraji alikuwa Truman Angell, shemeji yake Young, huyo huyo aliyechora hekalu kubwa la Salt Lake. Kila nikitaja hili watu wanashangaa maana huku kwetu tofali bichi tunaliona la mtu asiye na hela, ila adui wa tofali bichi ni maji, umri haulisumbui, paa likiwa zima na msingi usiponyonya maji linakaa, na hili limekaa miaka zaidi ya 170. Jina limetokana na mzinga wa nyuki uliochongwa ukawekwa kwenye kijimnara juu ya paa, na mzinga huo huo ndio nembo ya Utah, upo hadi kwenye bendera yao.

Sasa tembea nje. Pembeni kuna Lion House ya 1856, ambako wake kadhaa na watoto walikaa (Beehive alikaa mke wake mmoja, Lucy Ann Decker, na wanawe), na katikati ya nyumba mbili ipo ofisi. Yaani mzee anatoka mezani anaingia kazini bila kukanyaga barabara. Jirani tu hapo palikuwa na stoo ya zaka, na zaka zama zile haikuwa noti, watu walileta mayai, ngano, siagi, ng'ombe, hivyo kanisa lenyewe lilikuwa kama soko. Young akaongezea mambo yake: 1868 alichukua kandarasi ya kuandaa njia ya reli ya Union Pacific, mwaka huo huo likaanzishwa duka la ushirika la ZCMI, kabla ya hapo kulikuwa na laini ya telegrafu ya Deseret (jina ambalo Wamormoni waliliita eneo lao), halafu reli ya Utah Central iliyofika mjini Januari 1870. Mali nyingine za kanisa ziliandikwa kwa jina lake binafsi, na alipofariki Agosti 1877, hapo hapo Lion House, hesabu zikawa vurugu tupu, hadi baadhi ya warithi wakaenda mahakamani 1879. Mimi simwiti mwizi, ila mtu akikuambia mambo yalikuwa wazi usimkubalie.

Kuna mgeni mmoja tunayemjua sisi pia. Agosti 1860 alipita pale Richard Burton, mpelelezi wa Kiingereza, yule yule aliyetoka Zanzibar 1857 na msafara wa kina Sidi Mubarak Bombay akafika Ujiji 1858. Young alimpokea ofisini kwake, na Burton akatoa kitabu kuhusu mji ule mwaka uliofuata.

Na tusiruke la uchungu: 1852 Young alitangaza hadharani kwamba wanaume weusi hawapewi ukuhani, na zuio hilo lilidumu mpaka 1978. Leo Wamormoni wana hekalu Kinshasa, lilizinduliwa 2019.

Baada ya Young waliishi humo marais wengine wa kanisa, Lorenzo Snow na Joseph F. Smith, huyu wa pili alifia humo 1918. Kisha ikageuzwa hosteli ya mabinti waliokuja mjini kusoma na kufanya kazi, karibu miaka 40, hadi ukarabati wa 1959, ikafunguliwa kama makumbusho 1961. Waliokarabati waliirudisha kwenye enzi za Young, samani na mapazia yake, na kazi ni nzuri sana, lakini binafsi ningeacha walau chumba kimoja na vitanda vya wale mabinti, maana walikaa humo muda mrefu kuliko mzee mwenyewe.