Kirusi cha kompyuta: ni nini, na kinapitia wapi

Kompyuta ikichelewa kuwaka, ikigoma kufungua faili au ikizimika yenyewe katikati ya kazi, watu wa Lubumbashi wana jibu tayari: «Masini iko na virusi.» Mara nyingi si kweli. Diski iliyochoka, vumbi lililojaa kwenye feni, na umeme wa SNEL (kampuni ya umeme ya Kongo) unaokatika kisha kurudi kwa kishindo huharibu mashine nyingi bila kirusi chochote kuhusika. Kirusi ni programu. Kuna mtu aliyeketi akaiandika, kama wengine walivyoandika Word au mchezo wa karata, na inafanya kile ilichoagizwa tu. Haizaliwi na joto, wala haijitokezi kwa sababu mashine ni kuukuu.

Kinachoitenga na programu nyingine ni kwamba inajinakili. Ikiendeshwa, inatafuta mahali pa kupachika nakala yake, na nakala hiyo ikiendeshwa nayo inafanya vilevile. Fred Cohen, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, alilionyesha jambo hili mwaka 1983 na kulieleza kwa maandishi mwaka uliofuata. Madhara ni suala la pili. Elk Cloner, kilichoandikwa mwaka 1982 na kijana wa miaka 15 nchini Marekani, kilienea kwenye diski za kompyuta za Apple II na kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha shairi fupi kila diski ilipowasha mashine kwa mara ya 50. Vingine hufuta mafaili, huiba maneno ya siri, au hufunga kazi za mtu na kudai pesa. Sehemu inayojinakili na sehemu inayodhuru zaweza kuwa mbalimbali kabisa, ndiyo maana kirusi kinaweza kukaa kimya miezi mingi huku kikiendelea kugawanywa kwa marafiki.

Lakini hakiwezi kufanya lolote kikiwa kimelala tu kwenye diski. Lazima kiendeshwe, na kwa hiyo hujificha ndani ya kitu ambacho mtu au mashine itakiendesha bila kushuku. Brain, kilichotengenezwa Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kilikaa kwenye sehemu ya kwanza ya diski laini, ile ambayo kompyuta huisoma inapowaka. Ndugu wawili waliokiandika waliacha humo majina yao, anwani na namba ya simu. (Wa siku hizi hawana ustaarabu huo.) Mwaka 1999 Melissa kilipitia kwenye nyaraka za Word. Watu walidhani waraka ni maandishi tu, kumbe Word inaruhusu programu ndogo ndani ya waraka, zinazoitwa makro. Melissa kilipofunguliwa kilijituma kwa barua pepe kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani za mhusika. Hadi leo, Word ikikuonyesha ule mstari wa njano juu ya ukurasa ikiuliza kama uruhusu yaliyomo, inauliza habari za makro hizo. TFC ya mwanafunzi, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, haihitaji makro hata moja.

Sasa tuje nyumbani. Mashine nyingi za Lubumbashi hazikai kwenye intaneti, maana mega ni pesa. Hapo ndipo linapotoka lile neno la kujiliwaza: «Yangu haiingii kwenye intaneti, virusi itatokea wapi?» Itatokea kwenye flashi. Mwaka 2010 iligunduliwa Stuxnet, iliyokuwa imeharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, mahali ambapo kompyuta zake hazikuunganishwa na intaneti. Flashi ilikuwa mojawapo ya njia zake, na kwenye Windows ya wakati ule kutazama tu orodha ya mafaili yaliyomo kulitosha kuianzisha. Kama mtambo ule ulifikiwa, vijumba vya fotokopi karibu na kampasi ya Kasapa havina kinga ya ajabu.

Tazama msimu wa kutetea TFC na memwari. Kompyuta moja ya kuchapisha inapokea flashi za wanafunzi kutwa nzima, moja inatoka nyingine inaingia. Ikiwa na kirusi, kila flashi inayochomekwa inaondoka nacho. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi: Windows XP ilikuwa ikisoma faili dogo liitwalo autorun.inf, ambalo lilisaidia kirusi kuanzishwa mara flashi inapochomekwa au kubofywa. Windows 7 iliacha kuendesha programu za flashi kwa namna hiyo, na mnamo Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho yaleyale kwa XP na Vista. Waandishi wa virusi wakabadilisha mbinu: badala ya kuitegemea mashine, wakamtegemea mwenye flashi.

Mbinu hiyo kila mwanafunzi ameiona. Unafungua flashi, unakuta kila folda imekuwa na mshale mdogo pembeni, au unakuta njia moja ya mkato (shortcut) iliyochukua jina la flashi yenyewe. «Yaya, virusi imekula kazi yangu yote!» Haijakula kitu. Folda zako bado zipo, ila kirusi kimezipa alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, ili zisionekane, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, njia hiyo inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaendesha kirusi, halafu inakufungulia folda yako halisi. Unaiona kazi yako, unashukuru Mungu, na hujui kilichopita katikati. Kirusi tayari kimejinakili kwenye mashine, kimejiandikisha ili kiwake kila kompyuta inapowaka, na kinasubiri flashi inayofuata.

Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba dawa ni kuformati flashi, mzuie mkono kwanza, hasa kama ndiyo nakala pekee ya kazi yako. Kwenye mashine safi, bila kubofya njia yoyote ya mkato, fungua dirisha la amri (cmd) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa ndiyo herufi ya flashi hiyo). Folda zinarudi. Nakili kazi zako, futa njia za mkato na faili lolote usilolijua, kisha hapo ndipo uformati ukipenda. Na kusafisha flashi bila kusafisha kompyuta iliyoiambukiza ni kazi bure: ukiichomeka tena, mishale inarudi dakika hiyohiyo.

Hila nyingine ni ya jina la faili. Windows, isipobadilishwa, huficha herufi za mwisho zinazoonyesha aina ya faili. Mnamo Mei 2000 barua pepe zilizotokea Ufilipino zilibeba kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona mpaka TXT tu, wakadhani ni barua ya mapenzi, wakafungua programu. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa ndani ya siku chache, na mshukiwa hakufungwa kwa kuwa Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ndani ya mipangilio ya Windows unaweza kuagiza herufi hizo zionyeshwe daima. Ni jambo la dakika moja, na huwa nalifanya kwenye kila mashine ninayoshika.

Programu hiyo ya barua ya mapenzi, iliyoitwa ILOVEYOU, huitwa mnyoo zaidi kuliko kirusi, kama Stuxnet. Mnyoo haujipachiki kwenye faili la mtu. Unasafiri ukiwa programu kamili, na mingine haimsubiri hata mtu abofye. WannaCry ni mfano mzuri. Tarehe 12 Mei 2017 ilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ikafika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Ilifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Ni vigumu kumlaumu mtu anayezima masasisho ili mega zake zifike mwisho wa wiki, lakini tundu halijui bei ya mega.

Hapohapo ndipo antivirusi nyingi zinapokwama. Kwa sehemu kubwa antivirusi inalinganisha mafaili yako na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, pamoja na kuchunguza tabia za kutilia shaka. Orodha ya mwaka juzi haikijui kirusi cha mwaka huu. Windows ya siku hizi inakuja na antivirusi yake tayari, na ikisasishwa inawatosha watu wengi. Hakuna haja ya ile «iliyofunguliwa» unayopewa kwenye flashi ya jirani, ambayo mara nyingine ndiyo yenyewe imebeba ugonjwa.

Kwenye simu, mambo ni tofauti kidogo. Android huitenga kila programu na mafaili ya nyingine, kwa hiyo kirusi cha kujipachika huku na huku si cha kawaida. Kinachozunguka ni farasi wa Troya: programu inayojifanya kitu kingine na kusubiri uiweke kwa mikono yako. Hufika kama faili la APK (faili la kuweka programu kwenye Android) lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au toleo la WhatsApp lenye rangi na mapambo ambalo halimo kwenye duka rasmi. Simu huonya kwamba chanzo hakijulikani. Mtu hubonyeza kuruhusu. Kisha huja ombi la pili, la ruhusa. Tochi haina kazi na SMS zako. Programu ya tochi inayoomba kuzisoma inatafuta namba za uthibitisho ambazo benki na huduma za pesa kwa simu hutuma humo.