Kutolewa maji tumboni hakuui
Familia nyingi hukataa mgonjwa wa sirosisi ya ini atolewe maji tumboni, zikiamini sindano ndiyo inayoua. Si kweli. Maji hujaa kwa sababu ini lenye makovu huzuia damu kupita vizuri, nazo figo hushikilia chumvi. Ndiyo maana hurudi. Dawa za kukojoza maji, spironolaktoni na furosemidi, zikishindwa, kuyatoa ni tiba halali, hata mara kwa mara. Yanayotolewa yakizidi lita 5, mgonjwa hutundikiwa dripu ya albumini (protini ya damu), takribani gramu 8 kwa kila lita iliyotoka, ili presha isishuke na figo zisifeli. Tafadhali, msimpe diklofenaki, dawa ya maumivu. Akipata homa au tumbo likimuuma, mwahisheni hospitali siku hiyohiyo. Baadhi hufaa kupandikizwa ini, ulizeni mapema.