Jamani, shilireni siyo kamera ya joto

Juzi kijiweni hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja katuonyesha klipu kwenye simu, mtu anakohoa, picha ya kijivu, hewa inamtoka mdomoni inajikunja mawingumawingu mpaka inasambaratika, na chini pameandikwa "imepigwa kwa kamera ya joto". Nilinyamaza, wakubwa walikuwa wanaongea na kahawa ishamiminwa. Ila tangu kipindi kile cha korona nasikia hivyohivyo, kila klipu ya namna hiyo ikipita watu wanasema kamera ya joto, sasa leo naandika: zile ni picha za shilireni.

Shilireni ni njia ya kupiga picha kitu ambacho mwanga unakipenya, iwe hewa, maji au kioo, kwa kutumia mwanga uliopinda. Hewa ikiwa nyepesi huku na nzito kule, mwanga unaopita katikati unapinda kidogo sana, alafu pale mwanga wote unapokusanyika baada ya kupita kwenye lenzi panategwa wembe (ndiyo, wembe huuhuu wa dukani unafaa), mwanga uliopindia kwenye wembe unakatwa, uliopindia upande wa pili unapita, basi kwenye picha panatokea giza huku na mwangaza kule. Maana yake ndo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Ni Kijerumani, Schliere ikiwa moja, Schlieren zikiwa nyingi, na halina joto ndani yake hata chembe. Maana yake ni mchirizi, ile michirizi inayobaki ndani ya kioo kisipochanganyika vizuri kikiwa bado kinayeyushwa. Nyumba za zamani hapa mjini ambazo vioo vya madirisha havijabadilishwa, simama ndani utazame mnazi wa nje huku unasogeza kichwa polepole, utaona shina linakatika na kuungana kama linacheza. Mnazi haujatikisika, ni kioo kina michirizi. Mafundi wa lenzi walikuwa wanaitafuta hiyo kasoro, na Mfaransa Léon Foucault alishatumia makali ya kisu kukagua vioo vya darubini miaka ya 1850, ndipo mwaka 1864 Mjerumani August Toepler akaichapisha njia yake na kuipa jina hilo la michirizi, na yeye akakitumia kifaa cha kukagua kioo kuonyesha na hewa. Miaka ya 1880 Ernst Mach na Peter Salcher wakapiga picha risasi ikiwa inakwenda, na wimbi la hewa iliyobanwa mbele yake likaonekana waziwazi. Hapo kilichokuwa kinatafutwa ni hewa iliyobanwa, nani alikuwa anawinda joto?

Jaribu hii nyumbani. Chukua glasi ya maji ya kawaida, tia kijiko cha sukari taratibu, usikoroge, inua glasi uangalie kwa kuelekea dirishani. Utaona vinyuzi vinavyong'aa vinateremka, vinajisokota, vingine vinajikunja chini kabisa. Maji hayajapashwa moto. Sukari imeyafanya mazito mahali fulani na mwanga umepinda pale, na vinyuzi hivyo ndo Schlieren vyenyewe, unaviona kwa macho yako bila kamera yoyote.

Kamera ya joto ni kitu kingine kabisa. Yenyewe inapokea mnururisho (miale isiyoonekana kwa macho) ambao vitu vinautoa vyenyewe kwa sababu vina joto, yaani inakuonyesha ubavu wa sufuria, paji la uso, ukuta uliopigwa na jua. Hewa safi iliyo juu ya hiyo sufuria karibu haiioni. Shilireni ni kinyume, sufuria inatokea kama kivuli cheusi tu, ila hewa inayopanda juu yake unaiona inavyopasuka vipandevipande. Alafu chukua kiberiti cha gesi, bonyeza gesi itoke bila kuwasha. Kamera ya joto ya kawaida haina cha maana cha kukuonyesha pale, kwenye shilireni gesi inamwagika kama maziwa.

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwahiyo mara nyingi joto ndo linaloleta hiyo tofauti. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno, hewa ya nyuzi 20 na ya nyuzi 30 zinatofautiana katika kupinda mwanga kwa kama sehemu moja tu katika laki, na ndo maana wembe unahitajika. Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hilihili, mazigazi. Ukienda Pongwe saa saba mchana unaona maji mbele juu ya lami, ukifika hakuna, na sijasikia mtu akisema ameona joto, wote tunasema macho yamedanganywa na mwanga.

Na jingine kwa ufupi, shilireni inakuonyesha msukosuko ila picha moja haikwambii hewa inakwenda kasi gani. Kupima kasi watu wanatumia PIV (particle image velocimetry, yaani kupima kasi kwa picha za chembe). Tazama moshi wa udi kwenye chetezo, unapanda umenyooka kidogo alafu unavurugika, sasa hizo chembe za moshi zimulike kwa leza iliyotandazwa kama shuka, piga picha mbili kwa kupishana muda mdogo sana, angalia kila kundi la chembe limesogea umbali gani, gawa kwa muda, umepata kasi kila mahali kwenye picha. Pale unafuata chembe, kwenye shilireni hakuna chembe wala moshi.

Kwahiyo mdogo wangu wa kijiweni, klipu yako ni nzuri na usiifute, badilisha tu yale maneno ya chini. Andika shilireni, na kama Kijerumani kinakukwama andika "picha ya michirizi ya hewa", utakuwa umesema alichokisema Toepler.