Mfamasia si mtu wa kuhesabu vidonge tu

"Daktari ameshaandika, mfamasia kazi yake ni kutoa tu." Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda, wengi wanaamini hivyo. Si kweli, na kwa mzee ni hatari.

Mzee mara nyingi ana madaktari wawili watatu, kila mmoja akijua dawa alizoandika yeye. Chukua bibi mwenye presha anayemeza enalaprili na hidroklorothiazidi. Magoti yakimuuma, mjukuu anamnunulia ibuprofeni bila karatasi ya daktari. Dawa hizo tatu zikikutana, figo zinaweza kufeli, hasa akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha. Mfamasia anayeziona zote pamoja ndiye anayeweza kuzuia hilo mapema. Vivyo hivyo glibenklamidi ya kisukari: figo zikichoka, inakawia mwilini, sukari inashuka mno, bibi anaanza kuchanganyikiwa, na nyumbani wanasema ni uzee (au wanamtafuta mchawi).

Nchini Australia, tangu 1997, serikali hulipia wafamasia wapitie dawa za wakazi wa makao ya wazee na kumwandikia daktari mapendekezo. Uamuzi wa kubadilisha unabaki kwa daktari.

Kwetu wazee wengi wanaishi na watoto wao. Basi tia dawa zake zote kwenye mfuko, hata za kienyeji na zile alizopewa na jirani, upeleke farmasi yenye mfamasia aliyesomea. Si kila muuza dawa amesoma. Ila usimkatishe mzee dawa ya presha kwa uamuzi wako.