Riba ya mkopo wa nyumba haikukatwa siku uliyosaini

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa Kira ambaye yeye na mumewe wamelipa mkopo wa nyumba kwa miaka mitatu. "Kaka, si riba yao walishaichukua yote mwanzoni? Sasa nikiharakisha kulipa, nitapata nini?" Shemeji yake ndiye aliyemwambia hivyo, na shemeji naye aliambiwa kazini. Kazi yangu ni kushauri familia kuhusu mikopo ya nyumba hapa Kampala, na sijui kauli nyingine inayowapotezea watu fedha nyingi kama hii. Ndiyo maana naiandikia, kwa takwimu.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 150, riba 16% kwa mwaka, miaka 15. Rejesho ni kama 2,203,000 kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 16% ya milioni 150, gawa kwa 12: milioni 2 kamili. Kwa hiyo katika rejesho lote hilo, shilingi 203,000 tu ndizo zinazogusa deni lenyewe. Endelea hivyo miaka mitatu. Umeshatoa zaidi ya milioni 79, ukiomba stetimenti unakuta bado unadaiwa milioni 140.7. Mtu akiona hivyo lazima aumie, na hapo ndipo uvumi wa riba kukatwa mwanzoni unapozaliwa.

Lakini hakuna aliyekata riba ya miaka 15 mbele. Kila mwezi benki inatazama salio la mwezi huo na kulitoza riba ya mwezi huo, basi. Mwanzoni riba ni kubwa kwa sababu salio ni kubwa. Riba ya mwaka wa tisa bado hujaidaiwa, na ukipunguza salio leo, sehemu yake hutaidaiwa kamwe.

Mama wa Kira alikuwa na milioni 10. Kwa mkopo kama huu, akizilipa sasa mwishoni mwa mwaka wa tatu na kuendelea na rejesho lilelile, anafuta karibu miezi 26 ya mwisho. Anabakiwa na takribani milioni 47 ambazo zingekwenda benki. Angezilipa milioni hizohizo mwishoni mwa mwaka wa 12, angefuta miezi saba tu na kuokoa milioni tano na ushei. Kwa hiyo wanaosema "subiri kwanza mambo yakae sawa, utalipa mbele ya safari" wanakupeleka kwenye miaka ambayo fedha yako ina nguvu ndogo kabisa. Asiye na mkupuo aongeze 300,000 kila mwezi tangu mwanzo: mkopo wa miaka 15 unaisha miaka kumi na mwezi mmoja au miwili.

Kuna mahali kauli ya shemeji ni kweli. Wakopeshaji binafsi, na baadhi ya SACCO, wanapiga riba kwa mkopo wote tangu siku ya kwanza, na haipungui hata deni likipungua. Huko, kama mkataba hausemi utapata punguzo ukimaliza mapema, kuharakisha hakukusaidii. Murabaha, yaani benki ya Kiislamu kukununulia nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida, nayo ina utaratibu wake: bei ya nyumba inafungwa mwanzoni pamoja na faida, kwa hiyo ulizia punguzo la kumaliza mapema kabla ya kusaini. Tangu Uganda ipate benki yake ya kwanza ya Kiislamu mwaka 2023, swali hili naletewa mara kwa mara. Soma mkataba wako. Hapohapo tafuta kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda, maana ada kubwa inaweza kula sehemu ya faida.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, kwa sababu hata wanaokubali kulipa mapema wanaharibikiwa hapa. Unapeleka milioni 10, unarudi nyumbani umefurahi. Benki ifanye nini nazo? Zipo njia tatu, na usiposema, mfumo wao utakuchagulia. Ya kwanza, fedha inakaa kwenye akaunti kama marejesho ya miezi ijayo. Salio halijashuka, riba inaendelea kupigwa vilevile, na wewe unadhani umelipa deni. Ya pili, salio linashuka lakini muda unabaki uleule, kwa hiyo wanakupunguzia rejesho. Kwenye mfano wetu lingeshuka kwa kama 156,000 kwa mwezi, na ukizitumia sokoni unaokoa milioni 12 na nusu hivi hadi mwisho. Ya tatu, salio linashuka, rejesho linabaki lilelile, muda unafupishwa. Hiyo ndiyo ya milioni 47.

Fedha ni ileile, benki ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni 34, na inatokana na sentensi moja ambayo hukuiandika! Nimewaona walimu, wauguzi, watu makini kabisa, wakipoteza hapa kwa sababu tu waliona aibu kumsumbua afisa mikopo. Msumbue. Peleka barua iliyosainiwa na wote wawili, mgongewe mhuri kwenye nakala yenu: "Tunaomba kiasi hiki kipunguze salio la mkopo leo hii. Rejesho la kila mwezi libaki kama lilivyo na muda wa mkopo ufupishwe. Tunaomba ratiba mpya ya marejesho." Ratiba mpya ikija, angalia tarehe ya mwisho. Kama haijasogea, rudi.

Nimesema wote wawili kwa makusudi. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka mwenzi wako aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ikiwa aliitwa kusaini deni, basi stetimenti naye aione.

Akiba je? Akaunti ya kawaida ya akiba haikaribii 16%, hilo halina mjadala. Hati fungani za serikali zina mjadala. Riba yake hukatwa kodi ya 20%, au 10% kwa zile za miaka 10 na kuendelea, kwa hiyo hati ya muda mrefu lazima ilipe karibu 17.8% ndipo ilingane na kupunguza mkopo wa 16%. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 inamruhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua 20% ya akiba yake. Mfuko ulilipa wanachama 11.5% kwa mwaka wa fedha 2023/24. Kwa hesabu kavu, toa ulipe mkopo. Lakini hapa nasita, na sijawahi kupata jibu linaloniridhisha. NSSF ndiyo fedha pekee ambayo wengi wetu hatuwezi kuombwa na ndugu, na nimeona familia zilizoitoa kwa ajili ya nyumba ikaishia kwenye harusi.

Nasita pia kuhusu akiba ya dharura. Vitabu vinasema miezi mitatu hadi sita ya matumizi. Kwa familia yenye watoto watatu bwenini, karo inadaiwa mihula mitatu kwa mwaka, na fedha ukishaiingiza kwenye mkopo hairudi. Mimi nawaambia watenge kwanza karo ya muhula mmoja na marejesho ya miezi mitatu, kisha ndipo waanze kuharakisha. Siwezi kuapa kwamba kiwango hicho ni sahihi. Ninachojua ni kwamba anayelipa mkupuo wote kisha akakimbilia mkopeshaji wa mtaani muhula ukianza, amepoteza alichookoa.

Na siku deni likiisha, usiridhike na ujumbe wa simu unaosema salio ni sifuri. Dai hati yako ya ardhi pamoja na hati ya kuondoa rehani, uipeleke ofisi ya ardhi ya kanda yako, ufanye upekuzi kwenye daftari la ardhi uone kwa macho yako kwamba jina la benki limefutwa.